Sheria ya kuzuia sigara ipo, mbona moshi bado unaingia chumbani kwetu?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne kwenye ghorofa ya kupanga. Hakuna anayevuta kwetu. Jirani wa chini anavuta, na kila jioni moshi unapanda hadi chumba anacholala mtoto, naye ana pumu. Nilimwambia mwenye nyumba, akanijibu kwamba sheria inakataza kuvuta hadharani, haikatazi mtu kuvuta kwake. Mume wangu anafanya kazi ya usiku kwenye kasino ambako wateja wanaruhusiwa kuvuta. Akirudi alfajiri nguo zinanuka kama kisahani cha majivu. Rafiki yangu wa ofisini anasema kwao sigara ilishakwisha miaka mingi. Sheria ni hiyo hiyo, mbona yeye imemlinda na sisi imetupita? Na je, nikinunua feni ya kutoa hewa nje, itasaidia?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Naanza na feni, maana huenda uko njiani kwenda kuinunua. Subiri kwanza. Feni ya aina hiyo inajua kazi moja tu: kuisukuma nje hewa ya chumba chako. Hewa ikitoka, nyingine lazima iingie kujaza nafasi, na itapita popote palipo na upenyo: chini ya mlango, pembeni mwa bomba la sinki, kwenye tundu la soketi. Kama upande wa pili wa tundu hilo kuna mtu amewasha sigara, utakuwa umenunua mashine ya kuuleta moshi wake kwako. Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyekuwa akiwasha feni ya jikoni kila harufu ilipoanza, na kila alipoiwasha harufu ikazidi. Alikuwa ameshashawishika kwamba jirani anamfanyia kusudi.

Fanya hivi badala yake. Jioni, saa ambayo harufu imekolea, funga madirisha yote. Chana karatasi laini ya chooni iwe utepe mwembamba, kama upana wa kidole. Ushike kwa ncha mbili za vidole mbele ya soketi, kisha chini ya sinki pale bomba linapoingia ukutani, kisha kwenye uwazi wa chini ya mlango. Panapopeperusha utepe kuelekea kwako ndipo moshi unapoingilia. Wengi hukuta njia kuu iko nyuma ya kabati la jikoni, mahali ambapo fundi bomba alitoboa tundu la ngumi moja kupitisha bomba la dole gumba, akaondoka. Ziba kwa silikoni au plasta, mlangoni weka mpira wa kuzuia upepo. Soketi mwachie fundi umeme.

Utapata nafuu, ila hutaumaliza moshi. Jengo la ghorofa linapumua: hewa ya joto hupanda kwenye ngazi, kwenye mashimo ya mabomba na ya nyaya, na moshi hupanda nayo. Ndiyo maana wa juu huteseka zaidi ya wa chini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulipima kotinini, yaani mabaki ya nikotini kwenye damu, kwa watoto wanaoishi nyumba ambazo hakuna mtu anayevuta ndani. Wale wa kwenye fleti walikuwa na kiwango cha juu kwa asilimia 45 kuliko wale wa nyumba zinazojitegemea. Wazazi wao hawavuti, jamani, na bado nikotini imo kwenye damu ya mtoto. Inaelekea imepita ukutani.

Kuhusu madhara sitakuchosha, kwa sababu una mtoto wa pumu na umeshayaona kwa macho. Niseme machache tu. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama, mtafiti wa Japani, alionyesha kwamba wake wasiovuta ambao waume zao walikuwa wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wasiovuta. Makampuni ya tumbaku yalimshambulia kwa miaka. Tafiti zilizofuata zikamwunga mkono, na mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani akatoa ripoti iliyosema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa watoto ni pumu inayochachamaa, maambukizi ya masikio, na vifo vya ghafla vya vichanga. Duniani kote, wasiovuta wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine wanapita milioni moja.

Sasa swali lako lenyewe.

Nikipewa sheria yoyote ya kuzuia uvutaji, sianzi na kifungu cha kwanza. Naruka hadi kwenye neno "isipokuwa". Kifungu cha kwanza kila mahali kinafanana: ni marufuku kuvuta mahali pa umma na pa kazi palipoezekwa. Baada ya hapo linakuja hilo neno, na nyuma yake kuna orodha. Isipokuwa baa. Isipokuwa kasino. Isipokuwa vyumba maalumu vya hoteli. Isipokuwa sehemu yenye wafanyakazi wasiozidi idadi fulani. Isipokuwa makazi binafsi. Isome orodha hiyo ukijiuliza nani anafanya kazi humo usiku, nani analala humo, nani anafagia humo. Utamkuta mume wako, na chini kidogo utajikuta wewe na mtoto.

Hakuna aliyekaa mezani akaandika "maskini wasilindwe". Inatokea kwa njia ya kawaida zaidi. Muswada ukifika bungeni, kila mwenye biashara anayehofia hasara anatuma watu wake kuomba msamaha wa sheria. Wa ofisi hawaombi, kwa sababu mabosi wenyewe wamo ofisini na hawataki moshi. Wa kasino wanaomba na wanapewa. Mhudumu wa meza hatumi mtu, yuko kazini. Mpangaji naye hana chama. Sheria inapitishwa, watu wanapiga makofi, na takwimu zinaonyesha moshi umepungua nchini. Ni kweli umepungua. Ila ukiukata huo wastani vipande, unaona umepungukia wapi.

Marekani wameupima, kwa hiyo nitumie namba zao. Mwaka 1999 na 2000, asilimia 53 hivi ya wasiovuta walikutwa na kotinini kwenye damu. Kufikia 2011 na 2012 walikuwa asilimia 25. Mafanikio makubwa, sikatai. Lakini katika kipindi hicho hicho cha pili, kwa walio chini ya mstari wa umaskini ilikuwa asilimia 43, kwa wapangaji 37, kwa Wamarekani weusi 47, na kwa watoto wa miaka 3 hadi 11 ilikuwa 41. Moshi haukugawanyika sawasawa kabla ya sheria, na baada ya sheria pengo likabaki pale pale ambapo "isipokuwa" ilisimama.

Kuhusu kasino, mfano ni wa jimbo la New Jersey. Sheria yao ya mwaka 2006 ilifunga mlango kwa moshi karibu kila sehemu ya kazi, ikaacha kumbi za michezo za kasino. Mji wa Atlantic City, ambao ndio wenye kasino zenyewe, ulijaribu kupiga marufuku kamili mwaka 2008. Ikadumu wiki chache tu, baraza likarudi nyuma. Wafanyakazi wamekuwa wakipigania jambo hilo tangu hapo, na mwaka 2024 chama chao kikaenda mahakamani. Mgawaji karata hawezi kusogea. Mteja akimpulizia moshi usoni, yeye anatakiwa atabasamu na kuendelea kugawa. Lakini tusidhani kasino haziwezi. Mwaka 2021 Taifa la Wanavajo, watu wa asili wa Marekani wenye serikali yao, walipitisha sheria ya kuzuia uvutaji iliyohusisha na kasino zao, huku wakiiachia nafasi tumbaku ya ibada za jadi. Walioamua hayo ni watu wanaotegemea mapato ya kasino hizo, si wageni waliokuja na miswada ya mfano mikononi.

"Basi tuwatengee chumba chao." Hili utalisikia, na mume wako atalisikia kazini. Niliwahi kufuatana na wakaguzi kwenye hoteli moja iliyojivunia chumba cha wavutaji: milango ya vioo, feni kubwa darini, kila kitu kinang'aa. Tukasimama nje kama robo saa. Msichana wa kuhudumu alikuja na trei, akavuta pumzi ndefu mlangoni, akaibana, akaingia. Tulimwona kwa kioo akiinama meza hadi meza. Akatoka na visahani vinne vya majivu, kimoja juu ya kingine, ndipo akapumua. Nilimuuliza huingia mara ngapi kwa zamu moja. Akasema hajawahi kuhesabu. Mlangoni palikuwa na tangazo: wafanyakazi hawaruhusiwi kuvuta humu.

ASHRAE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa mitambo ya hewa, watu ambao kuuza feni ndiyo riziki yao, kimesema wazi kwamba njia pekee ya kuondoa madhara ya moshi huo ndani ya jengo ni kutovuta ndani. Miongozo ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku inasema vivyo hivyo. Mkataba wenyewe ulianza kazi Februari 2005, na miongozo ya kifungu chake cha 8 ilipitishwa 2007: eneo lote au hakuna, vyumba maalumu havikubaliki.

Je, eneo lote likifungwa, kweli mfanyakazi anapona? Ireland ilifanya hivyo tarehe 29 Machi 2004, baa zote zikiwemo, ikiwa nchi ya kwanza kufunga sehemu zote za kazi za ndani kwa kiwango hicho. Watafiti walikuwa wamepima mate ya wahudumu wa baa wasiovuta kabla ya siku hiyo, wakapima tena baadaye, na wakapima pia wenzao wa Ireland ya Kaskazini ambako sheria ilikuwa bado. Upande wa sheria kotinini ilishuka kwa asilimia 80. Upande wa pili, 20. Kazi ni ile ile, bia ni ile ile, mpaka ndio uliowatenganisha.

Na hoja ya kwamba mvutaji akifukuzwa baa atahamishia moshi nyumbani kwa wanawe? Nami niliiogopa. Scotland iliwapa watafiti jibu. Kabla ya sheria yao ya Machi 2006, watoto waliolazwa hospitalini kwa pumu walikuwa wakiongezeka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Baada ya sheria wakaanza kupungua, kwa asilimia 18 kwa mwaka. Watoto hao hawakuwa wateja wa baa. Inaelekea mtu akishazoea kutoka nje kuvuta, hutoka nje hata kwake.

Ngoja nikutajie mtu mmoja, kwa ajili ya mume wako. Heather Crowe alikuwa mhudumu wa mgahawa mjini Ottawa, Kanada. Alifanya kazi hiyo miaka kama 40 na hakuwahi kuvuta. Mwaka 2002 alikutwa na saratani ya mapafu. Alidai fidia kama mtu aliyeumia kazini, bodi ya fidia ya Ontario ikamkubalia, kisha akautumia muda aliobakiwa nao kuzunguka Kanada akiwaeleza wabunge na mawaziri habari zake. Aliaga dunia Mei 2006, siku chache kabla sheria ya jimbo lake haijaanza kutumika tarehe 31 mwezi huo huo. Ninachotaka mkione ni ule mlango alioingilia. Hakuomba huruma kwa sababu ya harufu. Alisema hili ni jeraha la kazini. Mume wako na wenzake wakikaa na mwajiri, au na chama chao, waingilie mlango huo huo. Sheria za usalama kazini mara nyingi ni kongwe kuliko sheria za sigara, na haziandikwi na neno "isipokuwa kasino". Wawe na daftari: tarehe, zamu, meza, nani alikohoa, nani aliomba kuhamishwa akakataliwa. Waende wengi kwa pamoja, maana mmoja akienda peke yake ataitwa msumbufu.

Kwake binafsi, akirudi alfajiri avue nguo za kazi mlangoni, ziwe na mfuko wake, aoge na nywele kabla hajambeba mtoto. Mabaki ya sigara hushika kwenye kitambaa na ngozi. Lakini usimgeuze yeye kuwa ndiye tatizo la nyumba. Yeye ndiye anayekaa ndani ya moshi kwa muda wa saa nane.

Nyumbani ni pagumu zaidi, na hapa mwenye nyumba wako amesema nusu ya kweli. Mkataba wa kimataifa unataja sehemu za kazi za ndani, usafiri wa umma na sehemu za umma za ndani. Chumba cha jirani hakimo. Lakini ngazi, korido, lifti na sehemu ya kufulia hazijawa chumba cha mtu, na nchi nyingi huzihesabu kuwa sehemu za pamoja. Anza na hizo, ndizo rahisi. Kisha kuna kitu ambacho hakihitaji bunge: mkataba wa kupanga. Mwenye nyumba anayekataza mbwa au muziki baada ya saa nne usiku anaweza pia kuweka sharti la kutovuta ndani ya jengo, kwa kawaida wakati mikataba inaposainiwa upya. Ana sababu zake mwenyewe za kutaka hivyo: rangi ya kuta, mapazia, moto.

Serikali ikiwa ndiyo mwenye nyumba, inaweza kwenda mbali zaidi. Marekani ilitoa kanuni iliyozitaka nyumba zote za umma za watu wa kipato cha chini kuacha uvutaji ndani na umbali wa futi 25 kutoka jengoni, kufikia mwisho wa Julai 2018. Karibu watu milioni mbili walikuwa wakiishi kwenye nyumba hizo wakati huo. Kanuni haikugusa wapangaji wa nyumba za watu binafsi wanaosaidiwa kodi na serikali. Unaona? "Isipokuwa" nyingine.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi wa afya hatupendi kulisema kwa sauti. Kanuni kama hiyo ikitekelezwa kwa pupa, inaweza kumtoa nje ya nyumba mzee wa miaka 70 aliyeanza kuvuta jeshini na hana kwingine kwa kwenda. Ukimfukuza, umelinda mapafu ya watu wa ghorofa moja na kumwacha mtu barabarani. Mimi naipima sheria nzuri kwa anayelipishwa faini. Miongozo ya kimataifa inamtwika jukumu mwenye jengo na msimamizi: ndiye aweke tangazo, ndiye aondoe visahani vya majivu, ndiye aadhibiwe kwanza. Sheria inayompa askari sababu mpya ya kumsaka kijana maskini kwenye kona, huku kasino ina kibali, imewageuza wale iliodai kuwalinda kuwa watuhumiwa. Pamoja na katazo, pawe na dawa za kuachia na mtu wa kuzungumza naye, bure, tena karibu.

Kwa hiyo na jirani yako usianze kwa ugomvi. Mwendee siku ambayo hajawasha, mwambie habari za mtoto, mwonyeshe ile dawa yake ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Huenda hajui kabisa kwamba moshi wake unapanda. Yeye anavuta dirishani akidhani anawasitiri. Wengi hukubali kushuka uani, hasa wakiombwa na si kukemewa. Asipokubali, angalau umejaribu kabla ya karatasi kuanza kutembea.

Karatasi yenyewe iwe fupi. Mwombe daktari wa mtoto aandike mistari miwili: mtoto ana pumu, moshi wa sigara unaichochea, ahamishiwe chumba au chanzo kiondolewe. Ambatanisha orodha ya siku na saa kwa wiki tatu, na majina ya wapangaji wengine wanaosumbuliwa, kama wapo. Hakuna mwenye nyumba anayependa kuona sahihi sita. Usiombe jirani afukuzwe. Omba vitu vitatu: matundu yazibwe kwa gharama ya jengo, sehemu za pamoja ziwekewe tangazo, na sharti liingie kwenye mikataba mipya. Wakati unasubiri, mashine ya kusafisha hewa yenye kichungi cha HEPA chumbani kwa mtoto itanasa chembechembe, ingawa gesi zitapita. Ukiweza kuipata, iwashe mlango ukiwa umefungwa. Usiku wa shida kubwa mhamishie mtoto chumba cha mbali na lile tundu ulilolibaini.

Na barua hiyo usiipitishe chini ya mlango. Mwalike mwenye nyumba aje saa moja jioni, saa yenyewe, mkaribishe jikoni, fungua kabati la chini ya sinki, umpe ule utepe wa karatasi ya chooni aushike kwa mkono wake.